Shaba Iliyosukumwa Ndani ya Mbao

Nguzo ya depo inaweza kusimama misimu mitatu ya mvua, imenyooka, rangi yake bado inang'aa, na ndani yake kusiwe na kitu. Siku moja mwenye nyumba anaibonyeza kwa kidole gumba karibu na ardhi, na kile alichodhani ni mbao kinabonyea kama ganda la yai. Nyuma ya ganda hilo kuna udongo mwekundu mbichi uliojaa vijia, na mchwa weupe wanaoukimbia mwanga. Wameila nguzo kutoka ndani na kuiacha ngozi ya nje, maana ndiyo inayowakinga na jua kali na siafu.

Katika mitaa ya Lubumbashi, kuanzia Katuba na Kenya hadi Kampemba na Ruashi, habari hiyo haimshangazi mtu. Nyuma ya nyumba nyingi kuna bustani ya lengalenga, matembele na nyanya, na pembeni mwake kibanda ambacho wenyeji hukiita depo. Humo ndimo yanamokaa majembe, pampu ya kupulizia dawa, mbolea, makala ya kupikia wakati wa mvua, na magunia ya mahindi yanayongoja kusagwa yawe unga wa bukari. Ni kibanda kidogo, lakini kikiinama, familia inapoteza chakula kabla haijahesabu hasara ya mbao.

Ipo njia ya kuifanya mbao laini, ya mti unaokua haraka, isimame katika udongo huo miaka ishirini na zaidi. Njia hiyo inategemea madini yaleyale yaliyoufanya mji huu ujengwe.

Lubumbashi iko kwenye uwanda wa juu, zaidi ya mita 1200 kutoka usawa wa bahari, katikati ya misitu ya miombo. Anayetoka mjini kwa barabara ya Likasi au ya Kasumbalesa huviona vichuguu vimetapakaa msituni na mashambani, vikubwa kama vilima. Vimejengwa na mchwa ambao wanasayansi huwaita Macrotermes falciger. Kichuguu kimoja kinaweza kupita mita 5 kwenda juu, na kitako chake kikafika mita 15 kwa upana. Msituni vinahesabika karibu vitatu kwa kila hekta. Basile Mujinya wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi na wenzake wa Ubelgiji walivipima umri kwa njia ya kaboni, na katika utafiti uliochapishwa mwaka 2015, kichuguu kimoja kilichokwisha kuhamwa kilionekana kuwa kilianza kujengwa zaidi ya miaka 2000 iliyopita. Mchwa walikuwa hapa kabla misalaba ya shaba ya Katanga haijaanza kupita mikononi mwa wafanyabiashara.

Mji umejifunza kuishi nao. Udongo wa vichuguu unashikana vizuri, na matofari mengi ya kuchoma ya Lubumbashi yametokana nao. Mvua za kwanza zinaponyesha, kumbikumbi, ambao kwa Kibemba huitwa inswa, hutoka kwa maelfu na kuzunguka taa. Watoto huwakusanya kwenye beseni, na kesho yake wanakaangwa. Hata ule uyoga mkubwa kuliko sinia, unaouzwa kandokando ya barabara wakati wa mvua, huota kutoka kwenye bustani za kuvu ambazo mchwa hao huzilima chini ya ardhi.

Bustani hizo ndizo zinazowafanya watafute mbao. Mchwa wa jamii hii hawaimengenyi mbao wenyewe. Huitafuna, huibeba hadi shimoni, huilisha kuvu yao, kisha hula kile kilichokwisha kulainishwa na kuvu. Kwao nguzo ya depo haina tofauti na tawi kavu lililoanguka msituni. Wanafanya kazi waliyoifanya kwa maelfu ya miaka, na mtu ndiye aliyekuja kusimamisha chakula chao wima na kukiezeka mabati.

Wapo tena kuvu wa aina nyingine, wale wa kuozesha, ambao hawana kichuguu. Lubumbashi hupata mvua ya takriban milimita 1200 kwa mwaka, karibu yote kati ya Novemba na Aprili, kisha hufuata miezi mikavu kuanzia Mei hadi Septemba. Mbao inakunywa maji nusu mwaka, halafu inakauka na kupasuka nusu mwaka. Kila ufa mpya ni mlango. Kuvu ya kuozesha inahitaji unyevu, hewa, joto la wastani na chakula. Chini sana ardhini hewa ni chache. Juu, jua linakausha. Lakini pale nguzo inapotokea ardhini, kiasi cha kiganja kimoja kwenda juu na kimoja kwenda chini, mahitaji yote manne yanakutana. Ndiyo maana nguzo iliyooza karibu daima hukatikia hapo.

Watu hawakukaa kimya. Dawa inayojulikana zaidi mitaani ni mafuta ya vidanji, yaani mafuta machafu yanayomwagwa kutoka kwenye injini ya gari, yanayopakwa kwa brashi au kwa kitambaa. Wengine huchoma kidogo ncha ya nguzo kabla ya kuifukia, wengine hupaka lami. Njia hizi zina msaada fulani, na haifai kumdharau aliyezitumia kwa kukosa nyingine. Tatizo lake ni moja: zinabaki nje. Nguzo iliyopakwa mafuta huonekana nyeusi tii, lakini ukiikata kwa msumeno utakuta kwamba milimita chache tu kutoka ukingoni ni nyeupe kama siku ilipopasuliwa. Jua la Agosti likishaipasua, mchwa wanapita kwenye ufa na kuingia ndani bila kuonja tone la mafuta. Zaidi ya hayo, mafuta ya injini yana mabaki ya metali na kemikali nyingine, na yanachuruzika hadi kwenye udongo wa lengalenga.

Waswahili wa pwani walipata shida hiyohiyo kutokana na maji ya bahari. Majahazi yalipakwa sifa, yale mafuta ya maini ya papa yenye harufu nzito, na sehemu ya chini ikapakwa shahamu na chokaa. Lakini kazi hiyo ilibidi irudiwe tena na tena, chombo kikipandishwa pwani. Kwa ajili ya nyumba walichagua njia nyingine, ya kutafuta mti unaojilinda wenyewe. Boriti za mikoko kutoka Rufiji na Lamu zilisafirishwa hadi Oman na nchi za Ghuba, na urefu wake ndio uliopanga upana wa vyumba vya nyumba za mawe za Lamu na Zanzibar.

Katanga nayo ina miti ya namna hiyo. Mulombwa, ambao Tanzania huitwa mninga, una kiini chekundu kahawia ambacho mchwa hawakipendi. Ila mti huo huchukua miaka mingi mno, zaidi ya nusu ya umri wa mtu, kufikia unene wa kutoa mbao. Anayeujengea kibanda cha majembe anatumia mti uliooteshwa na msitu wakati wa babu yake.

Ulaya ya karne ya 19 haikuwa na mchwa wa Katanga, lakini ilikuwa na reli, na mataruma ya mbao yalikuwa yakioza chini ya treni. Mwaka 1838 Mwingereza John Bethell alipata hataza ya kutia mbao dawa ndani ya silinda la chuma: hewa inavutwa nje kwanza, kisha kreosoti, mafuta meusi yatokanayo na lami ya makaa ya mawe, inasukumwa ndani kwa shinikizo. Karibu na wakati huohuo, nchini Ufaransa, daktari Auguste Boucherie alikuwa akiingiza maji ya salfati ya shaba katika magogo mabichi, yakisukuma utomvu utoke upande wa pili, na njia yake ikatumika kwa nguzo za telegrafu. Reli ya Uganda ilipojengwa kutoka Mombasa kuanzia mwaka 1896, wahandisi waliepa vita hivyo kwa kutandika mataruma ya chuma kwenye sehemu kubwa ya njia, kwa kuwa waliwajua mchwa.

Hatua kubwa ilitoka India. Mwaka 1933 Sonti Kamesan, mtafiti wa Taasisi ya Utafiti wa Misitu ya Dehra Dun, alichanganya shaba, aseniki na kromu katika maji. Dawa hiyo iliuzwa kwa jina la Ascu, kutokana na alama za kikemia za aseniki na shaba. Kila kimoja kina kazi yake. Shaba inaua kuvu. Aseniki inaua wadudu, na pia zile kuvu chache zinazoivumilia shaba. Kromu inazifunga hizo mbili kwenye nyuzi za mbao, ili mvua isizioshe. Kabla ya kromu, dawa za chumvi zilikuwa zikiyeyuka na kurudi ardhini. Baada yake, dawa ikawa sehemu ya mbao.

Kwa msomaji wa Lubumbashi, shaba ni jina la nyumbani. Kampuni ya Union Minière iliundwa mwaka 1906, tanuru la Lubumbashi likatoa shaba yake ya kwanza mwaka 1911, na lile lundo jeusi la mabaki yake bado linaonekana kutoka pande nyingi za mji. Mbao iliyotiwa dawa ya shaba ina rangi ya kijani iliyopauka, inayomkumbusha mtu jiwe la malakiti, lile ambalo wafua shaba wa Katanga waliliyeyusha kwa karne nyingi kabla ya kampuni yoyote. Inapendeza kuona madini ya nchi yakirudi kulinda ghala la mkulima, na inasikitisha kwamba jambo hili halijulikani sana katika mji ambao malori ya shaba hupita kila siku.

Kazi yenyewe hufanywa hivi. Kwanza mbao inakaushwa, kwa hewa au kwenye tanuru, mpaka unyevu wake ushuke chini ya robo ya uzito wa mbao kavu au karibu na hapo. Mbao iliyojaa maji haina nafasi ya kupokea kitu kingine. Kisha inapangwa kwenye vigari vinavyoingizwa katika tangi refu la chuma, ambalo waliosoma Kifaransa huliita otoklavu, na mlango unafungwa kwa komeo nzito. Pampu inavuta hewa mpaka ndani panakuwa ombwe. Hewa iliyokuwa katika vijitundu vya mbao inatoka. Halafu dawa inaachiwa ijaze tangi, na shinikizo linapandishwa hadi mara kumi au zaidi ya lile la hewa tunayovuta. Dawa inakimbilia kwenye vijitundu vilivyoachwa tupu. Mita moja ya ujazo ya msonobari inaweza kunywa lita mia kadhaa. Mwishoni ombwe la pili linavuta dawa ya ziada, ili mbao isitoke ikitiririka, na mzigo unawekwa kando siku kadhaa au wiki chache kusubiri kromu ifunge kazi yake.

Hapa pana jambo linaloshangaza wengi. Si kila mbao inakubali dawa. Gogo lina sehemu mbili: ile ya nje, nyeupe zaidi, iliyokuwa ikipitisha maji mti ulipokuwa hai, na kiini cha katikati ambacho mti umekwisha kukifunga. Dawa inapita kwenye ya nje na kugoma kwenye kiini. Mulombwa, mgumu na wa thamani, karibu haupokei chochote. Msonobari, ambao fundi huudharau kwa ulaini wake na ambao mchwa huumaliza kwanza, una sehemu nyeupe nene na hunywa dawa mpaka ndani sana. Udhaifu wake msituni ndio unaougeuza kuwa imara kiwandani. Mkaratusi uko katikati ya hao wawili: ukitumiwa kama nguzo ya mviringo, ganda lake la nje linapata dawa kuuzunguka mti mzima na kukilinda kiini, lakini ukipasuliwa mraba, msumeno unaondoa ganda hilo na kukiacha kiini wazi. Kwa hiyo kwa nguzo za depo, mkaratusi wa mviringo ni bora kuliko wa kupasua.

Misonobari na mikaratusi hiyo haiko mbali. Upande wa pili wa mpaka wa Kasumbalesa, kiasi cha kilomita 90 kutoka Lubumbashi, mkoa wa Copperbelt wa Zambia una mashamba makubwa ya miti yaliyopandwa kuanzia miaka ya 1960, na shirika la ZAFFICO linaloyasimamia limekuwa likitia dawa nguzo za umeme. Nchini Tanzania, shamba la Sao Hill wilayani Mufindi limeufanya mji wa Mafinga kuwa kitovu cha nguzo za aina hiyo. Nguzo hizi zinazobeba nyaya barabarani ndizo ushahidi ulio karibu zaidi kwa mtu wa kawaida: ni mti laini, umefukiwa ardhini, unanyeshewa na kupigwa jua, na unasimama.

Ushahidi wa muda mrefu zaidi uko Marekani. Kuanzia mwaka 1938 maabara ya mazao ya misitu ya serikali ya nchi hiyo imekuwa ikifukia vipande vya msonobari katika udongo wa Mississippi, wenye joto, unyevu na mchwa. Vipande visivyo na dawa havikufikisha miaka minne kwa wastani. Vile vilivyotiwa mchanganyiko wa shaba, kromu na aseniki kwa kipimo kamili vilibaki vizima kwa miongo kadhaa.

Tofauti hiyo ndiyo inayopaswa kuangaliwa wakati wa kulipa. Mbao yenye dawa ni ghali kuliko isiyo na dawa, na mnunuzi mwenye fedha kidogo ana haki ya kusita. Lakini depo inayojengwa upya kila baada ya miaka mitatu inalipiwa mbao, misumari na ujira wa fundi mara sita au saba katika muda ambao ile nyingine inasimama mara moja. Tena si lazima kila kipande kiwe na dawa kali. Kama fedha inatosha sehemu tu, iende kwenye nguzo na kwenye mbao za chini zinazokaribia ardhi. Makombamoyo yaliyo chini ya mabati yasiyovuja yanaweza kutiwa dawa nyepesi zaidi, kama ile ya boroni, ambayo haina sumu kubwa kwa binadamu ila huoshwa na mvua, na kwa hiyo haifai nje.

Kuna faida nyingine isiyoonekana kwenye risiti. Misitu ya miombo inayoizunguka Lubumbashi imerudi nyuma sana kwa sababu ya makala na mashamba, na juu ya hayo ikaja biashara ya mukula, ule mti mwekundu wa jamii ya mulombwa ambao katika miaka ya 2010 ulikatwa kwa wingi Katanga na Zambia kupelekwa China. Mwaka 2019 mukula uliingizwa katika orodha ya pili ya CITES, mkataba wa kudhibiti biashara ya kimataifa ya viumbe walio hatarini, na mwaka 2022 miti yote ya jamii hiyo barani Afrika ikafuata, mulombwa ukiwemo. Msonobari wa shambani uliotiwa dawa unaweza kubeba kazi za kila siku, vibanda, nyua na mabanda ya kuku, na kuuacha mulombwa kwa milango, vitanda na kazi zinazostahili mti wa miaka mingi. Bila dawa hauwezi. Mchwa wataumaliza, na fundi atarudi msituni.

Anayekwenda kununua na aulize daraja. Kwa viwango vya Afrika Kusini, H3 ni mbao ya nje isiyogusa ardhi, na H4 ni ile inayofukiwa; H3 inabeba kilo 8 hivi za dawa kwa kila mita ya ujazo, H4 kilo 12. Kwa wanaofuata viwango vya Ulaya, ni daraja la 3 na la 4. Nguzo iwe H4 au daraja la 4, hakuna mjadala. Rangi ya kijani pekee haithibitishi kitu, maana rangi inaweza kupakwa. Njia ya kuaminika ni kuomba nguzo moja ikatwe mbele yako, mbali na ncha, na kutazama kijani kimeingia kiasi gani. Ikiwa ni mstari mwembamba ukingoni kama wino uliomwagika, hiyo imechovywa tu.

Msumeno uleule ni adui baada ya kununua. Kila fundi anapokata au kutoboa, anafungua sehemu ambayo huenda dawa haikufika, kwa hiyo ncha mpya ipakwe dawa ya shaba ya brashi, na ncha iliyokatwa isifukiwe. Ile ya kiwandani ndiyo iende chini. Misumari nayo ina habari yake. Waliofanya kazi kwenye viwanda vya shaba wanajua kwamba chuma kikitiwa katika maji yenye shaba, chuma kinalika na shaba inajikusanya mahali pake. Jambo hilohilo hutokea polepole ndani ya mbao yenye unyevu na dawa ya shaba. Msumari wa kawaida utaliwa na kutu wakati mbao bado nzima. Unatakiwa uliopakwa zinki kwa kuchovywa, au wa chuma kisichoshika kutu.

Na mchwa hawakati tamaa. Hawaili nguzo yenye dawa, lakini wanaweza kuifanya ngazi: wanajenga kijia cha udongo juu ya ngozi yake, wanapanda hadi kwenye kipande cha tripleksi kisicho na dawa au kwenye gunia la mahindi, na kuanza kula huko. Sakafu ya depo na iinuliwe, kokoto zitandazwe chini, magunia yawekwe juu ya ubao na mbali na ukuta, ili kijia kikionekana kivunjwe mara moja.

Limebaki neno zito kuliko yote. Dawa hii ni sumu, na aseniki imethibitishwa kusababisha saratani kwa binadamu. Viwanda vya Marekani viliacha kuitumia dawa yenye aseniki kwa mbao za nyumbani mwishoni mwa 2003, na Umoja wa Ulaya ukaibana kuanzia 2004. Mahali pake zimekuja dawa zinazotegemea shaba nyingi zaidi pamoja na viambato vya kikaboni, bila aseniki wala kromu. Kwa nguzo za umeme dawa ya zamani bado inatumika katika nchi nyingi za Afrika, na nguzo hizo kuukuu huishia majumbani.

Lubumbashi haina nafasi ya kupuuza hilo. Mwaka 2009 Célestin Banza Lubaba Nkulu wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi, pamoja na Benoit Nemery wa Chuo Kikuu cha Leuven, Ubelgiji, na wenzao, walichapisha vipimo vya mkojo wa watu wanaoishi karibu na migodi na matanuru ya Katanga. Kobalti ilikuwa katika viwango vya juu ambavyo havikuwa vimepata kuripotiwa kwa raia wa kawaida, na aseniki, risasi, kadimiamu na urani nazo zilizidi. Katika mji ambao vumbi lake limekwisha beba metali, haifai kuongeza hata chembe kwa uzembe.

Kwa hiyo, penye uchaguzi, mnunuzi achukue mbao yenye dawa isiyo na aseniki. Vitalu vya mboga visizungushiwe nguzo kuukuu za umeme, wala chakula cha kuku kisimwagwe juu ya mbao hizo. Fundi anayekata avae barakoa, unga wa msumeno ukusanywe juu ya turubai, na mikono ioshwe kabla ya kula. Hatari kubwa kuliko zote iko jikoni. Katika mji ambao gunia la makala linapanda bei kila msimu wa mvua, vipande vilivyobaki baada ya ujenzi vinavutia, vikavu, vya ukubwa wa kuingia kwenye mbabula. Moshi wake unabeba aseniki, na majivu yake yanabaki nayo kwa wingi. Vipande hivyo visiwashwe kamwe, hata kwa kuanzishia moto. Mwenye nyumba avikusanye siku ileile fundi anapomaliza, avitumie kama vigingi vya uzio, na vinavyobaki avipeleke mbali na watoto na wapita njia wanaookota kuni.

Wakati mzuri wa kujenga ni Juni au Julai, ardhi ikiwa kavu na mbao zimekwisha tulia. Shimo la nguzo liingie sentimita 60, chini yake kokoto za kupitisha maji, na zege ikitumika, uso wake uteremke kutoka kwenye nguzo ili maji yasituame pale pa hatari, kiganja juu na kiganja chini. Novemba, kumbikumbi wa kwanza wakisharuka na kuangusha mabawa yao kizingitini, mwenye nyumba achukue bisibisi, apige magoti nyuma ya depo, na kuchokoa kila nguzo palepale inapotokea ardhini, akianza na ile ya pembe inayopata kivuli cha mwembe.